Nani Atajibu? Pombe ya Nyumbani, Mtoto na Mzazi Wake

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tunaisema kila siku, shuleni, kanisani, kwenye matanga na kwenye ndoa. Lakini mara nyingi tunaisema juu ya mtoto wa jirani. Siku mtoto wetu mwenyewe anapoleta hasara, tunatafuta methali ingine. Katika kurasa hizi tunataka kurudi kwenye ile ya kwanza na kuuliza swali moja: mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 akinywa pombe nyumbani kwetu, kisha akaumiza mtu, nani anajibu? Na anajibu juu ya nini: juu ya hasara tu, ao juu ya kikombe chenyewe?

Hatutaanza na vitabu. Tutaanza na kikao kimoja.

KIKAO CHA JAMAA

Miaka michache imepita, tuliitwa kwenye kikao cha jamaa moja upande wa Walungu, katika Bushi, Kivu ya Kusini. Ilikuwa wiki moja nyuma ya sherehe ya mahari. Siku ile kasiksi ilikuwa nyingi, kama inavyofaa, na pembeni, ndani ya chupa za plastiki, kulikuwa pia kanyanga kwa wale wanaosema kwamba kasiksi ni maji tu. Kijana mmoja wa miaka 15 alitumwa kugawia wageni. Kila alipopita, mujomba wake alimwambia: "Onja na weye, uko mwanaume." Baba yake alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale. Aliona, akacheka.

Jioni kijana alichukua pikipiki ya mgeni mmoja, ufunguo ulikuwa umebaki ndani, akashuka nayo barabarani. Akamgonga mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni na kitunga chake cha nyanya. Mama alivunjika mguu. Kijana aliinuka bila kidonda.

Kwenye kikao kila mtu alikuja na neno lake tayari. Baba alisema: "Miye sikumupa pombe. Mujomba wake njo alimupa." Mujomba alijibu: "Nyumba ni ya nani? Miye nilikuwa mugeni kama bengine." Mwenye pikipiki alisema yeye ndiye mwenye hasara. Nyanya wa kijana alisema mtoto anakaa kwake tangu miaka mitatu kwa sababu ya masomo, "lakini siku ile hakuwa kwangu, mulimuita wenyewe." Mzee mmoja alifunga maneno: "Batoto banaonjaka tangu zamani, ni desturi." Na mama wa kijana, aliyekamua ile kasiksi kwa mikono yake, alinyamaza.

Ukisikiliza vizuri, utaona kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema kipande cha kweli kinachomtoa yeye. Ndiyo sababu swali ni gumu.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu tunafikiri kwamba mambo haya ni mageni, kwamba yameletwa na mashirika ya haki za watoto. Si kweli. Kitabu cha III cha sheria zetu za kiraia kinatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati nchi yetu ilikuwa bado mali ya mfalme Léopold II. Fungu la 258 linasema kwamba mtu yeyote ambaye kwa kosa lake analetea mwingine hasara, lazima aitengeneze. Fungu la 260 linaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa wale walio chini ya ulinzi wake: baba, na mama kisha kufa kwa bwana yake, wanajibu kwa hasara iliyoletwa na watoto wao wanaokaa pamoja nao. Na mwishoni linaacha mlango mmoja wa kutokea: mzazi hatajibu kama akionyesha kwamba hakuweza kuzuia tendo lile.

Tupime maneno hayo kwenye kikao chetu. "Wanaokaa pamoja nao": mtoto anakaa kwa nyanya yake. Avoka mwenye akili angeweza kusimama hapo siku nzima. Kwetu mtoto analala kwa nyanya, anasoma kwa mujomba, anakula kwa shangazi, na wote wanamwita mwana wao. Sheria ya 1888 iliandikwa kwa nyumba ya baba, mama na watoto wao peke yao. Haikujua ukoo.

"Mama kisha kufa kwa bwana yake": maana yake, bwana akiwa hai, fungu hilo halimwoni hata mama. Lakini fungu la 258 linaona kila mtu kwa kosa lake mwenyewe, mwanaume ao mwanamke, mzazi ao mgeni. Kwa hiyo mujomba aliyejaza kikombe hawezi kujificha nyuma ya mwenye nyumba. Wala mwenye pikipiki aliyeacha ufunguo hana sauti kubwa kama anavyofikiri.

Na ule mlango wa mwisho, "hakuweza kuzuia"? Mzazi ambaye mtoto wake aliiba pombe usiku, yeye akiwa safarini, anaweza kupita pale. Lakini baba aliyeona kwa macho na kucheka, ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa tuseme jambo moja wazi, kwa maana watu wetu wanaumizwa nalo. Kulipa hasara ni jambo moja, kufungwa ni jambo lingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika fungu la 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kukamatwa ao kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Tunajua sote namna inavyopita kwenye mitaa: mtoto amekimbia, basi wanachukua mama yake "mpaka mtoto arudi". Hiyo si sheria, ni biashara. Mzazi anaweza kuombwa kutoa franka kwa ajili ya mguu wa yule mama. Hawezi kulala kwenye kasho mahali pa mtoto wake.

Juu ya mtoto mwenyewe, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mwenye kosa la jinai. Kutoka 14 mpaka 18 anaweza kufika mbele ya tribinali ya watoto. Na Katiba, katika fungu la 41, inawapa wazazi kazi ya kutunza watoto wao. Haisemi kuwatunza kisha hasara. Inasema kuwatunza.

DESTURI INASEMA NINI

Mzee wetu alisema ni desturi. Tumheshimu, basi tuiangalie desturi yenyewe, si jina lake.

Sisi tuliokulia katika Bushi tunajua namna kasiksi inavyotengenezwa. Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani, maji yanaongezwa. Yale maji matamu ya kwanza, mutobe, yalikuwa ya watoto. Tulikuwa tunazunguka pale kama nzi, kila mmoja na kikopo chake, na hakuna aliyetufukuza. Kisha mama alikuwa analeta unga wa mtama uliokaangwa. Mtama ukiingia, tunaondoka. Kesho yake kile kilichokuwa chetu kilikuwa cha wakubwa. Ndugu zetu wa Katanga wanatusimulia jambo la namna moja juu ya munkoyo: ule wa siku ya kwanza, mtamu, hata mtoto mdogo anakunywa, ule uliokaa siku kadhaa na kuchacha, ni wa wakubwa.

Desturi basi haikuwa inasema "watoto waonje." Ilikuwa na mpaka. Mpaka haukuandikwa kwa miaka, ulikuwa ndani ya kazi yenyewe, na ulikuwa na mlinzi: yule mwenye kutengeneza, aliyejua saa gani kinywaji kimebadilika.

Kuko jambo la pili. Kwetu mwenye kutoa kinywaji anaonja kwanza mbele ya wageni. Sumu inaogopwa sana, wengi wanaiita karuho, na hakuna mtu wa akili anayepokea kibuyu ambacho mwenye nyumba hakukigusa. Tunaona mara nyingi ni adabu tu. Lakini tufikiri maana yake: kwa kuonja, mwenye kutoa anasema mbele ya wote, "kilichomo humu, miye njo najibu." Ikitokea mgeni akaanguka, hakuna atakayeuliza mgeni alikuwa anakaa kwa nani. Watauliza: nani alimpa?

Tunafikiri hapa ndipo desturi ilipita sheria. Sheria ya 1888 inaanza na hasara na kurudi nyuma kutafuta mwenye kulipa. Desturi ilianza na mkono unaotoa. Kama tunajibu kwa mgeni mtu mzima, mwenye akili yake na ndevu zake, namna gani tusijibu kwa mtoto ambaye hawezi hata kukataa, kwa kuwa aliyemwambia "onja" ni mujomba wake?

MANENO TUNAYOJITETEA NAYO

Neno la kwanza: "Hiyo ni sheria ya wazungu." Tunaelewa uchungu ulio ndani ya neno hili. Wakati wa Wabelgiji, sheria ilikataza mtu mweusi kunywa pombe kali, hata kama ana mvi na wajukuu. Mtu mzima alifanywa mtoto. Wazee wetu walilewa kwa kujificha, na kutega polisi ilikuwa karibu sawa na ushujaa. Kitu cha namna hiyo hakisahauliki kwa haraka. Lakini tusipotoshe hesabu. Kosa la sheria ile lilikuwa kumfanya mtu mzima mtoto. Haliponywi kwa kumfanya mtoto mtu mzima.

Neno la pili: "Afazali anywe nyumbani, miye nikiona, kuliko barabarani." Hili ni neno la wazazi wazuri, wenye kusoma, na ndilo gumu kuliko yote. Sisi wenyewe tumelisema. Tunafikiri kwamba mtoto akifundishwa kunywa polepole mezani pa baba yake, atajua kipimo. Lakini huko Australia wachunguzi walifuata vijana karibu 1,900 kwa miaka 6, tangu walipokuwa na miaka kama 12 mpaka 18, na matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Waliona kwamba vijana waliopewa pombe na wazazi hawakulindwa nayo: walikuwa na hatari zaidi ya kulewa sana na kupata madhara, na pia walizidi kupata pombe kwa watu wengine. Australia si Bushi, tunakubali. Lakini fikra ya kwamba kikombe cha nyumbani kinakinga na kile cha barabarani, pale ilipopimwa, haikusimama. Na Januari 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba hakuna kipimo cha pombe ambacho hakina hatari kwa afya. Ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka miaka ya 20 na kitu. Kumpa mtoto kanyanga ni kumwaga maji kwenye matofali ambayo hayajachomwa.

Neno la tatu: "Miye nilikunywa nikiwa mudogo na sina kitu." Tunaomba mwenye kusema hivi ahesabu wale aliokunywa nao. Wako wapi wote leo? Wale ambao pombe iliwamaliza hawako hapa kusema.

Neno la nne: "Miaka 18 ni nini? Jana alikuwa mutoto, leo si mutoto?" Ni kweli, hata serikali ilisitasita. Sheria ya jamaa ya 1987 ilikubali msichana aolewe na miaka 15, na ni katika mwaka 2016 tu iliposahihishwa kuwa 18 kwa wote wawili. Namba ni kigingi kilichopigwa katika shamba lisilokuwa na ukuta. Lakini shamba bila kigingi, jirani analima mpaka mlangoni. Na yule aliyetimiza miaka 15 wiki jana, hakuna anayehitaji mwanasheria kujua kwamba ni mtoto.

NA MAMA ALIYEKAMUA?

Tumemwacha yule mama anyamaze kwa kurasa nyingi. Tumrudie, kwa maana ndipo swali linapouma.

Katika vijiji vyetu na hata mitaani mjini, ni mama wengi wanaosomesha watoto kwa pombe. Kasiksi hapa, mandale ao kanyanga pale, lutuku huko Katanga. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zinasemwa za bure, na ni msaada mkubwa, lakini sekondari inaomba minerval, na daftari, na viatu, na uniforme. Mama analima, vita ao ugonjwa wa migomba unachukua, mwalimu anafukuza mtoto. Basi anakamua. Mtoto anabeba madumu, anapokea feza, anaosha vikombe, na vilivyobaki chini ya kikombe anavinywa. Pombe inamlipia shule, na pombe inamtoa shuleni.

Je, huyu mama ana kosa? Mtu anayekaa mbali na njaa anajibu haraka: ndiyo. Sisi hatuwezi. Lakini hatuwezi pia kusema hana neno la kujibu, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumdharau, kana kwamba umaskini umemwondolea akili ya kuchagua. Yeye ndiye alikuwa mlinzi wa mtama. Anajua kuliko wote kilichomo. Kutengeneza ili kuishi ni jambo moja. Kumtuma mtoto kugawa ni jambo lingine, na hili la pili lilikuwa ndani ya uwezo wake.

Ila tusiishie kwake. Alimkamulia nani? Wateja wake ni sisi: walimu wanaopita jioni, wakubwa wa avenyu, wajomba, na wakristo kisha misa. Tunaketi kwenye viti vyake, tunapokea kikombe kutoka mkononi mwa mtoto wa miaka 11, tunamwita "mutoto muzuri", na tunamwachia franka ya kubaki. Kesho tunaandika makala juu ya wazazi wasiojua kulea. Kama mwenye kutoa anajibu, mwenye kupokea kutoka mkononi mwa mtoto naye ana kipande chake.

KIKAO KILIISHAJE

Wazee walizungumza mpaka jua likashuka. Mwishoni yule mama, bila kuitwa, alifungua fundo la kitenge chake, akatoa franka za minerval ya kijana na binti yake, akaziweka chini mbele ya watu. Hakusema neno. Ndipo mama mmoja mzee, shangazi wa baba, alisimama akasema: "Okota feza zako, mwana wangu. Hata sisi tulikunywa."

Neno lile lilibadilisha kikao. Baba alikubali kulipa hospitali. Mujomba alitoa mbuzi. Mwenye pikipiki aliambiwa atengeneze mwenyewe chombo chake, juu ya ufunguo aliouacha. Na wote waliokunywa siku ile walichanga, kila mtu kidogo, kwa ajili ya siku ambazo mama wa nyanya hataweza kuuza. Kijana, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, aliulizwa. Alisema kwamba alikuwa anaogopa kumkatalia mujomba. Akapewa kazi ya kubeba kitunga cha yule mama kila siku ya soko mpaka atembee tena. Aliifanya kwa miezi minne.

Hatusemi kwamba mambo yaliisha vizuri. Mama yule anachechemea hata leo, na baba na mujomba hawasalimiani kama zamani. Lakini mahali ambapo tribinali iko mbali, ao vita vimeifunga, tuliona watu wakijibu bila kusukumwa na polisi, na kila mmoja akajibu kwa kipande chake.

Kwa kumaliza, ndugu wasomaji, chama chetu hakiombi watu waache desturi. Kinaomba waishike yote, si nusu. Kwenye mahari na kwenye matanga, anayegawa pombe awe mtu mzima. Mtoto agawe maji na mutobe. Mwenye kuonja kwanza ajue kwamba ameonja kwa niaba ya kila mtu aliye kiwanjani, hata mdogo kabisa. Mujomba anayesema "onja, uko mwanaume" ajue kwamba siku ya hasara tutamtafuta yeye kabla ya baba. Na sisi tunaokwenda kunywa kwa mama fulani jioni, tukiona mtoto ndiye anayeleta kikombe, tusikipokee. Tumwambie kwa upole: "Mwana, mwite mama. Na weye, enda ukasome."

Jioni ya kwanza mama atakasirika. Tunafikiri ya pili ataleta mwenyewe.